Diwani wa Kuunga Mkono

Orrin Haskamp alikuwa mtu asiyetulia kitini. Kanisani goti lake lilicheza mpaka benchi zima likatikisika, na mchungaji, mvumilivu kuliko mimi, alijifunza kuhubiri akiangalia upande mwingine. Mikono nayo ilikuwa hivyohivyo. Alikuwa fundi wa matandiko ya farasi pale Plum Fork, Nebraska, kama baba yake, na mfukoni hakukosa kipande cha uzi uliopakwa nta. Akikosa la kufanya aliuzungusha kidoleni, akaufungua, akauzungusha tena.

Sasa mtu kama huyo umchague udiwani, umkalishe kwenye baraza la mji asikilize habari za mbwa na mitaro, si ni kumtesa? Lakini watu wa Kata ya Pili walimchagua, wakarudia kumchagua, kwa kuwa hakuwa na adui hata mmoja. Na hakuwa na adui kwa sababu hakuna hoja aliyoiacha ife.

Maana mabaraza yetu ndivyo yanavyokwenda: mmoja anatoa hoja, halafu lazima apatikane mwingine wa kuiunga mkono. Asipopatikana, hoja imekufa, hakuna cha kujadili wala kupiga kura, na aliyeitoa anakaa chini na aibu yake. Kile kimya cha katikati, mtu akishasema na mwenzake hajaitikia, Orrin hakukiweza. Kilimwasha mwilini. Kabla meya hajainua macho, yeye alikwisha sema, "Naunga mkono." Awe anaiafiki, awe haiafiki, awe hata hakuisikia. Karani wa baraza, Bi Ione Pratt, mwanamke mrefu ambaye hakuolewa wala hakujuta, alikuwa akiandika jina la Haskamp kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Mjini walimtania. "Orrin, jua kali leo!" Naye alicheka akajibu, "Naunga mkono."

Utani huo ulikuwa mtamu mpaka mwaka wa 1933.

Mwaka huo hakuna aliyekuwa na la kucheka. Benki ilifungwa, mvua iligoma, vumbi liliingia mpaka kwenye siagi. Wakulima wenye uwezo walikuwa wamekwisha hamia kwenye trekta. Wasio na uwezo walibaki na farasi wao, lakini hatamu ikikatika waliifunga kwa waya, basi, safari ikaendelea. Duka la Orrin lilikuwa halijapata mteja kwa muda ambao mwenyewe hakupenda kuukumbuka. Na bado, ukipita barabara kuu ungesikia nyundo yake, ko, ko, ko, na ukichungulia dirishani ungemwona kainamia seti nzuri ya matandiko, anashona. Ilikuwa seti ileile. Wiki nzima aliishona, Jumamosi akafunga mlango na kuifumua mshono kwa mshono, Jumatatu akaanza upya. Ukimuuliza hali, alisema, "Kazi ipo." Alimwambia hivyo mwoka mikate, alimwambia hivyo mchungaji, na kila jioni alimwambia hivyo mkewe.

Huyo mkewe, Lenora, ndiye aliyekuwa mkutubi wa mji. Maktaba ilikuwa ghorofani katika jengo la baraza, juu ya chumba cha gari la zimamoto, mlango wake ukitazamana na mlango wa ukumbi wa vikao. Mshahara wake, mdogo ulivyokuwa, ndio ulioleta viazi na unga nyumbani kwa Haskamp. Wote wawili walilijua hilo na hakuna aliyelisema. Zaidi ya viazi, Lenora aliipenda ile kazi kwa moyo wake wote. Wanaume walioachishwa kazi reli walikuja kukaa mezani kwake na gazeti la juzi, wakalisoma tangu juu mpaka matangazo ya vifo, na yeye hakumwambia mtu kwamba amekaa mno.

Kikao cha balaa kilikuwa cha Jumatatu moja ya Juni. Watu walikuwa wamekwisha kula chakula cha jioni lakini jua lilikuwa bado liko juu ya mnara wa maji, na pangaboi lilikuwa linazungusha joto lilelile. Benchi za wananchi zilijaa, maana mtu asiye na kazi, hata kikao cha baraza kwake ni tamasha. Meya Womack, mwenye kiwanja cha mbao, mtu mnene mwenye huruma na mwoga wa makelele, aligonga meza wakaanza na ng'ombe wa Bibi Tolliver, ambaye alikuwa amezoea kulala makaburini.

"Mimi sioni kosa lake," alisema Diwani Loomis, daktari wa meno. "Anatufyekea majani bure."

"Anakula na maua, daktari," alijibu mmoja kutoka benchi. "Mama yangu yuko pale."

"Mama yako alipenda ng'ombe."

"Alipenda maziwa yao!"

Wakacheka, ikatolewa hoja ng'ombe afungwe kamba. Naunga mkono, alisema Orrin. Barabara kuu imwagiwe mafuta machafu ili vumbi lilale: naunga mkono. Hema la wanasarakasi lisisimamishwe mbele ya kanisa: naunga mkono. Lakini mwili tu ndio uliokuwa kitini. Mchana ule mkulima mmoja alikuwa ameingia dukani kwake, akaishika ile seti ya matandiko, akaipapasa, akaivuta kupima mshono, akasema, "Nitarudi." Tangu hapo Orrin alikuwa na swali moja kichwani. Atarudi? Watu husema nitarudi kwa namna nyingi. Alikuwa anajaribu kukumbuka uso wa yule mtu alipokuwa akisema.

Ndipo aliposimama Dewey Stroud, muuza chakula cha mifugo, diwani wa Kata ya Kwanza. Stroud alipenda kusimama. Akaanza na nyakati ngumu, na Orrin aliposikia nyakati ngumu akaacha kusikiliza, kama tulivyokuwa tunaacha sote. Akaendelea na wanaume wenye familia wanaozurura mitaani huku wengine wakila na mkono wa kulia na wa kushoto. Benchi zikaguna kwa kuafiki. "Kwa hiyo, Bwana Meya," akamalizia, "natoa hoja kwamba kuanzia mwisho wa mwezi huu mji usibaki na mfanyakazi yeyote mwanamke aliyeolewa ambaye mumewe ana kazi."

Kimya kikaingia.

"Naunga mkono," akasema Orrin.

Stroud mwenyewe aligeuka kumtazama. Wanawake walioajiriwa na mji walikuwa watatu tu: Bi Ione asiyeolewa, mjane aliyefagia ukumbi, na Lenora Haskamp. Hoja hiyo isingemgusa mwingine ila Lenora. Loomis alikuwa amekwisha fungua mdomo apinge. Akaufunga. "Kama mume mwenyewe anaunga mkono," alimnong'oneza jirani yake, "mimi ni nani?"

"Bwana Haskamp," akauliza meya taratibu, "una hakika?"

"Ndiyo, ndiyo," akasema Orrin, akitaka tu jambo liishe. Na walipoitwa wanaosema ndiyo, akasema ndiyo pamoja nao.

Wakaingia kwenye vibali vya mbwa. Hapo ndipo Orrin alipotambua kwamba Bi Ione haandiki. Alikuwa ameweka kalamu chini, anamkazia macho.

"Kuna nini?" akamnong'oneza. "Tumepitisha nini pale?"

"Umemfukuza mkeo kazi, Orrin."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na walijua walichokisema, maana dole hupona. Orrin alikaa kama aliyemwagiwa maji. Alitaka kusimama aseme jamani ngojeni, lakini habari ilikuwa imeshafika kwa mbwa mkubwa wa mwoka mikate, na benchi zilikuwa zinacheka tena.

Kwetu simu moja hutumiwa na mtaa mzima, kila nyumba na mlio wake, na kila mlio una masikio yote. Kwa hiyo Orrin alipofika nyumbani Lenora alikuwa anajua. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, bakuli magotini, anamenya njegere.

"Karibu, Bwana Diwani," akasema bila kuinua macho. "Nasikia umeniunga mkono."

"Nora, sikusikia. Naapa sikusikia. Nilikuwa nawaza jambo jingine."

"Jambo gani?"

"Mteja. Alikuja mtu leo dukani."

"Na meya alipokuuliza kama una hakika?"

Orrin akauzungusha uzi wake kidoleni.

"Ulikuwa bado unamuwaza mteja." Njegere zikalia ndani ya bakuli. "Hivi siku nikizama mtoni, mtu akasema huyu tumwache, wewe si utakuwa wa kwanza?"

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi, basi? Nikushukuru? Miaka yote nakucheka, mume wangu wa naunga mkono, watu wananiuliza kama ulinichumbia mwenyewe au kuna mtu alitoa hoja. Nacheka nao. Leo wamecheka bila mimi."

Akaendelea kumenya. Orrin alikaa, akasimama, akaenda mpaka kwenye banda la kuku, akarudi. Lenora alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Hoja inasema mume mwenye kazi. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Ndivyo."

"Basi kuna jambo unataka kuniambia, Orrin?"

Ningekuwa pale ningemshika mabega nikamtikisa. Mlango umefunguliwa hivyo, mtu anakaribishwa kabisa, naye anasimama nje anapiga soga. "Kazi ipo, Nora," akasema. "Yule mtu atarudi. Hizi trekta zinakula mafuta, na mafuta si maji. Wakulima watarudi kwenye farasi, utaona."

Lenora akasimama. "Haya," akasema, akabeba bakuli lake akaingia ndani.

Asubuhi yake Orrin alikimbilia kwa Meya Womack, akamkuta kiwanjani anapanga mbao ambazo hakuna aliyezitaka.

"Sheria ya vikao inakuruhusu," alisema meya akijifuta jasho. "Aliyepiga kura ya ndiyo, huyo ndiye anayeweza kuomba jambo lifunguliwe tena. Ungekataa jana, leo usingekuwa na njia."

"Basi nina bahati."

"Nusu yake. Bado unahitaji mtu wa kukuunga mkono. Mimi meya siruhusiwi."

Orrin nusura acheke. Akose wa kumuunga mkono, yeye? Alikwenda moja kwa moja kwa Loomis, akamkuta anasugua koleo zake.

"Daktari, ile taa ya barabarani mbele ya mlango wako. Nani aliiunga mkono?"

"Wewe, Orrin. Sijasahau."

"Basi nami nina hoja."

Loomis akaiweka koleo chini, akaiokota tena. "Umeziona zile benchi? Wale watu wana njaa na wana hasira, na uchaguzi hauko mbali. Ukisimama kumtetea mwanamke mwenye mume…" Akauona uso wa Orrin, akaona haya. "Lakini usiwe na wasiwasi, bwana. Tutaona. Nitafanya niwezalo."

Madiwani wengine nao wakasema tutaona. Siku zile mpaka kikao kilichofuata Orrin hakulala wala hakukaa. Alitembea barabara kuu kwenda na kurudi mpaka mbwa wakaacha kumbwekea. Dukani mikono ilikataa kushona. Sindano ilimponyoka, uzi ukakatika, na alipoona anachelewa kusikika alichukua nyundo akagonga meza tupu, ko, ko, ko, jasho likimtoka, ili mtaa usikie. Yule mkulima hakurudi. Nyumbani Lenora alimpakulia chakula, akamuuliza habari za dukani kwa adabu kama anavyoulizwa mgeni, naye akasema kazi ipo.

Jumatatu ya kikao benchi zilijaa kuliko mwanzo. Kwa ajili ya joto milango yote miwili iliachwa wazi, na ng'ambo ya korido Lenora alionekana maktabani, amesimama na vitabu mikononi, hasomi, hapangi. Meya akauliza kama kuna jambo la zamani. Orrin akasimama.

"Natoa hoja," akasema, na sauti ikamkatika, maana maneno hayo hakuwahi kuyasema maishani mwake. "Natoa hoja lile azimio la wanawake walioolewa lifunguliwe upya."

"Imetolewa hoja," akasema meya, akawatazama madiwani mmoja mmoja. "Nani anaiunga mkono?"

Loomis alivua miwani akaanza kuifuta. Alikifuta kioo cha kulia, akakifuta cha kushoto, akaona cha kulia bado. Mwenzake aliinama kutafuta penseli chini ya meza. Stroud alikunja mikono akatazama dari. Pangaboi likazunguka. Kimya kile alichokikimbia miaka yote kikamzunguka Orrin peke yake, kirefu, na yeye yu wima katikati yake. Mdomo wake ukafunguka wenyewe kwa mazoea. Akaufunga. Mtu haungi mkono hoja yake mwenyewe.

"Hakuna?" akauliza meya, na kusema kweli alingoja kuliko sheria inavyotaka. "Hoja imekufa. Pole, Orrin. Tuendelee."

Orrin hakukaa.

"Bwana Meya, azimio linasema mume mwenye kazi."

"Ndivyo linavyosema."

"Basi halimhusu Bi Haskamp."

Stroud akasimama akicheka. "Orrin, bwana, usitufanye watoto. Duka lako liko barabara kuu. Nyundo yako inaniamsha mimi kila asubuhi."

"Nyundo ndiyo. Kazi hakuna." Masikio yake yalikuwa mekundu. "Seti ninayoshona ni moja. Nashona, Jumamosi nafumua. Juzi nilikuwa nagonga meza."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, kisha kicheko kikamkwama, maana hakuna aliyemfuata. Wale walikuwa watu walioamka asubuhi wakavaa nguo za kazi na kutoka nyumbani bila pa kwenda. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Bwana Haskamp," akasema meya kwa upole, "si lazima useme haya hapa."

"Ni lazima. Ione, andika. Orrin Haskamp wa Kata ya Pili hana kazi. Benki ilipofungwa hakuwa nayo, na kabla ya hapo hakuwa nayo."

Bi Ione akaandika. Stroud akatazama benchi ambazo siku ile alizihutubia, zikamtazama yeye. Akakaa. Meya akasafisha koo, akasema kwamba basi azimio halimgusi mkutubi, aendelee na kazi yake, akauliza habari za mtaro wa Mtaa wa Elm.

Orrin alitoka ukumbini. Aibu ilikuwa inamchoma bado, lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha, furaha kubwa, ya mtu aliyerudi na kitu mkononi. Alivuka korido karibu akimbie.

"Nora! Umesikia? Wamekuacha. Kazi yako unayo."

"Nimesikia." Lenora alikuwa amevikumbatia vile vitabu kifuani. "Nimesikia mimi, na Stroud, na benchi zote. Kesho watasikia mpaka kwa wafuga kuku wa ng'ambo ya mto."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Najua. Na nakushukuru, sitakwambia uongo." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Orrin, mimi nilijua zamani. Ulifikiri mke hajui? Mimi ndiye ninayefua shati lako, lina harufu ya ngozi ileile mwaka wa ngapi huu. Nilikuwa nangoja uniambie. Kila jioni nakuuliza habari za dukani, nangoja. Siku ile pale ngazini nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Niliona aibu, Nora."

"Kwangu uliona aibu. Kwao hukuona."

Nyuma yao meya alikuwa akiuliza kama kuna anayeunga mkono mtaro, na kimya kikawa kirefu kidogo kabla mtu hajakohoa na kuitikia. Mzee mmoja wa reli akasogea taratibu, kofia mkononi, akauliza kama gazeti limefika. Lenora akajifuta macho kwa kiganja. "Limefika, Bwana Sayre," akasema. "Njoo nikupe."

Akarudi ndani kwa watu wake. Orrin akamfuata, akavuta kiti kwenye meza ya wale wasio na kazi, akakaa kumngoja afunge maktaba.